Mguu Ulipoa, Asio Hakupona

Kila nikienda soko la Malaba, maneno ni yaleyale. Kuna kidonge kidogo, wanakiita deksa. Eti kinashusha uvimbe kabla ugali haujaiva. Maneno hayo yalining'ang'ania kama kupe.

Halafu Asio, binti yangu wa miaka tisa, akakanyaga msumari. Mguu ukavimba, ukawa moto, naye akapata homa. Nikamwita Chrispine, yule anayetembeza dawa kwa kikapu.

"Mama, foleni ya hospitali ya nini? Mpe hizi deksa mara tatu kwa siku. Kesho ataruka kamba."

Kesho yake kweli aliruka. Uvimbe ulishuka, homa ikaisha. Nikampigia jirani kelele, "Mguu umepoa! Amepona!"

Siku ya tatu Asio hakutaka kuamka. Alihema mbiombio. Mkojo ulikuwa kidogo, rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa.

Jirani huyo, Anjeline, ni nesi. Alimgusa mtoto, akanigeukia.

"Mama Asio, umempa nini?"

"Deksa tu. Lakini mguu si umepoa?"

"Mguu umepoa, mtoto hajapona! Uvimbe ni askari wa mwili wakipigana na bakteria. Mwili wenyewe hutuma ujumbe, 'Tulieni sasa,' ili vita visiharibu figo na ini. Deksa inatuma ujumbe huohuo, kwa nguvu. Umewarudisha askari nyumbani na mwizi bado yuko ndani!"

"Kumbe ni sumu?"

"Si sumu. Daktari huitumia kwa kipimo, akijua kwa nini. Chrispine anapima kwa kiganja. Beba mtoto, twende!"

Hospitalini walimwekea dripu na dawa ya kuua bakteria. Figo zilikuwa zimeanza kushindwa. Alilazwa siku kumi na moja. Leo anaruka kamba tena, lakini hasira yangu haijaisha.

Juzi Chrispine alipita. "Mama, deksa?" Nilimfukuza na mwiko wa ugali hadi barabarani.

Na wewe unayesoma, sikia:

Usinunue dawa ya kikapu.

Usimpe mtoto deksa kama daktari hakusema.

Kama daktari ndiye aliyekuandikia, usiiache ghafla bila kumwuliza.

Usikae nyumbani na kidonda kilichovimba na kuwa moto. Nenda siku hiyohiyo. Ukikanyaga msumari, ulizia pia sindano ya pepopunda.

Usiseme amepona kwa sababu mguu umepoa. Mimi nilisema.