Sentensi ya Baba

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku aliketi mezani na baba yake kwa mazoezi ya kusema. Baba alikuwa kinyozi. Zamani wateja walimtania kwamba ulimi wake una kasi kuliko mkasi. Kisha akapata kiharusi. Mkono uliopooza ulipona, lakini maneno yakawa yanakwama.

Chiriku aliinua kikombe.

"Ki… ki…" baba alijaribu kukitaja.

"Kikombe!" Chiriku alimmalizia upesi, kama kawaida, ili baba asihangaike.

Ghafla baba akapiga meza kwa kiganja. Chai ikaruka hadi kwenye daftari.

"Baba jamani! Kazi ya Kiingereza hiyo!"

Mwalimu alikuwa amewapa neno *persistently*. Alisema hutumika mtu anapofanya jambo tena na tena bila kukata tamaa, hata likiwa gumu. "Maana ya kamusi ninayo," aliwaambia. "Nileteeni mtu mliyemwona kwa macho." Chiriku alikuwa ameandika, kwa Kiingereza cha kuungaunga, kwamba yeye humsaidia baba yake *persistently*.

"Ni… a…" baba alianza.

"Niangalie? Niamshe?"

Baba akatikisa kichwa.

"Basi, baba Chiriku, pumzika," mama alisema. Alikuwa mlangoni, ameshika ufunguo wa kibanda cha kunyolea. "Leo naurudisha kwa mwenye nyumba. Kinyozi asiyeweza kuongea na mteja atanyoaje?"

Baba aliutazama ule ufunguo. Jasho likamtoka.

"Ni… a…"

Neno lilimwasha Chiriku ulimini. Akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Ni… a…" Mara ya nne. Mara ya tano. Mishipa ya shingo ilimsimama baba, lakini hakuacha. Chiriku akatupia jicho daftari lililolowa. Sentensi yake ilikuwa imempa neno lile mtu asiyelistahili. Akachukua kalamu, akaikata, akaandika upya: baba yangu hujaribu kusema *persistently*.

"Ni… a… che… ni."

Mama akasimama tuli.

"Niacheni… nimalize… mwenyewe."

Mama akaja taratibu, akauweka ufunguo mezani mbele ya mumewe. "Haya, baba," alisema. "Kafungue kibanda chako."

Baba akaukamata, kisha akamgeukia binti yake.

"Na wewe… Chiriku." Akapumua. Chiriku akangoja, midomo ameibana.

"Kukwama… si kushindwa. Nikikwama… ningoje."