Ngoma ya Mchezaji wa Pili

Jemima alitoka Bel-Air jua likishuka, akapanda pikipiki hadi commune ya Kenya, mtaa mwingine wa Lubumbashi, kutafuta nyimbo. Si nyimbo za kusikiliza tu. Ni zile za mchezo wa video, unashika gitaa la plastiki lenye vifungo vya rangi, na nota zinateremka kwenye televisheni kama shanga. Ukikosa nota, nguvu ya mwenzako inapungua. Ikiisha, mwenzako anatupwa nje.

Watu wangemcheka, na wangekuwa na haki. Mji wa Goma ulikuwa umeanguka mikononi mwa waasi siku kumi na moja zilizopita. Uwanja wa ndege umefungwa, simu haziingii, na kaka yake Vital alikuwa ndani ya mji ule. Mashine ya mchezo ilikuwa ya Vital. Kabla ya kusafiri alimwambia, "Tafuta nyimbo mupya. Nikirudi tutacheza." Basi Jemima alikwenda kuzitafuta. Aliona kwamba akiacha, atakuwa amekubali jambo ambalo hakutaka kulikubali.

Dada yao mkubwa, Kavugho, muuzaji wa jumla wa vitenge, alikuwa ameweka sheria yake. "Hakuna kulia mu hii nyumba. Mutu mwenye hatujaona maiti yake, hakufa." Kila jioni alikwenda kanisani kuomba, akarudi na macho makavu.

Clovis, kijana wa kibanda cha michezo, aliipokea mashine, akaiunganisha na kompyuta yake.

"Iko nyimbo kenda ya mupya," alisema. "Na byombo mbili, gitare na ngoma. Kwenu internet iko?"

"Hapana."

"Haina neno. Utacheza peke yako."

Nyumbani Kavugho alikuwa bado hajarudi. Jemima aliwasha televisheni, akahesabu. Nyimbo kumi, si tisa. Wa kumi haukuwa na jina, una picha ya ngoma tu. Alidhani Clovis amekosea kwa faida yake, na nani anarudisha nyongeza? Akabonyeza.

Mchezaji wa kwanza: JEMIMA. Gitaa. Tayari.

Kisha mstari wa pili ukajiandika wenyewe, herufi moja moja...

Mchezaji wa pili: VITAL. Ngoma. Tayari.

Moyo uliruka kwa furaha. Amepata mtandao! Yuko hai! Alitaka kupiga kelele mpaka mtaa wote usikie.

Halafu akakumbuka kwamba nyumba ile haikuwa na internet.

Ngoma ikaanza. Pole pole. Du... du... du... kisha ya nne ikachelewa kidogo. Mwili wa Jemima ukamsisimka. Tangu utoto Vital alikuwa akichelewa kwenye pigo la nne, na tangu utoto walikuwa wakigombana juu yake. Hakuna mashine ingejua jambo hilo.

Nota zikateremka. Akacheza. Angefanya nini? Akiacha, kaka yake anatupwa nje, na nje ni wapi, hakutaka kufikiri.

Sauti za wanawake zikaingia, nzito, zikiburutana. Harufu ya moshi wa kuni na udongo mbichi ikajaa sebuleni, na jikoni hakukuwa na moto. Jemima hakuujua wimbo ule. Alizaliwa Butembo, kule wanalia kwa nyimbo nyingine.

Lakini jirani aliujua.

Maman Honorine aliingia bila kubisha, kitenge kimefungwa kiunoni, mikono kichwani. "Mayo weee! Mayo!" Nyuma yake shemeji yake Agnès, naye analia. Huko Lubumbashi ukisikia kilio kwa jirani huulizi kwanza. Unaingia na machozi yako, unasogeza viti ukutani, unakaa chini. Jina la marehemu utalijua baadaye. Wakasogeza viti, wakakaa.

"Hakuna kilio hapa, maman," Jemima alinong'ona bila kugeuza kichwa. "Ni mchezo."

"Ile wimbo haiko ya mchezo, mutoto. Tuliimbia baba yangu kule Pweto." Machozi ya Honorine yalisimama. Alitazama televisheni. "Na ngoma, nani anapiga?"

"Vital."

"Eko hai?"

"Sijui... sijui, maman."

Sauti za wanawake zikakatika ghafla. Ikabaki ngoma, na gitaa la Jemima. Chini ya jina la Vital nafasi ya tatu ikafunguka. SAUTI. Ilikuwa wazi, inawaka na kuzimika.

Honorine alimshika Agnès mkono. "Inangojea jina," alisema polepole. "Mu kilio, mutu wa jamaa ndiye anaita jina ya marehemu kwanza. Kisha bantu bote banafuata. Likisha kuitwa, hatuwezi kumurudisha mwenye jina. Funga kinywa, mwanangu. Cheza tu, mpaka wimbo ichoke."

Jemima alifunga kinywa. Aliona juu ya kioo cha televisheni kwamba zimebaki sekunde arobaini. Vidole vinauma, jasho linaingia machoni. Thelathini. Hakuwa amekosa nota hata moja. Ishirini na tano. Alianza kuamini. Du... du... du... na ile ya nne ikachelewa, na yeye akatabasamu kwa upendo.

Lango likalia.

Kavugho aliingia na Biblia yake kwapani. Akaona viti vimesukumwa ukutani. Akaona wanawake chini, vitenge viunoni. Akamwangalia mdogo wake.

Jemima aliogopa kufungua kinywa, hata kusema "yaya", kama yeye na Vital walivyomwita dada yao mkubwa. Akatikisa kichwa. Akatikisa kwa nguvu zote: usiseme, usiseme. Lakini mtu anayeleta habari ya kifo naye hutikisa kichwa hivyo hivyo.

Biblia ikaanguka.

"Vital!" Kavugho alilia. "Vital wetu!"

Nafasi ya tatu ikajaa. Wanawake wa ndani ya televisheni wakalipokea jina, wakaliimba, wakalirudia. Ngoma ikapiga mara nne za mwisho.

Ile ya nne haikuchelewa.

Kisha kimya. Mia kwa mia, kioo kiliandika. Mchezaji wa pili ametoka.

Wale majirani walipomwambia kwamba hakuna habari yoyote iliyofika, Kavugho alimpiga Jemima kofi, halafu akacheka, halafu akapiga magoti kushukuru. Usiku ule alikula vizuri kwa mara ya kwanza tangu mji uanguke. Jemima alimwachia sahani yake. Kesho yake alipeleka mashine kwa Clovis, wakatafuta pamoja. Nyimbo zilikuwa kenda.

Siku ya tatu simu ikalia. Ni Muhindo, binamu yao wa Goma, amepanda kilima kutafuta mtandao. Jemima ndiye aliyepokea.

"Tulikuwa tumejificha mu depo," Muhindo alisema. "Vital alikuwa muzima, hana hata kidonda. Juzi, giza ikisha kuingia, akaanza kupigapiga meza na vidole, anacheka, anasema Jemima anacheza muzuri. Kisha akageuka kama mutu mwenye ameitwa. Akasema, 'Karibu, yaya.' Akaanguka. Ni ile tu, Jemima. Tulimuzika jana asubui."

Kavugho alikuwa amesimama mbele yake, akidaka neno moja moja kutoka simuni. "Anasema nini? Juzi saa ngapi? Alikuwa ameitwa na nani?"

Jemima alimwangalia dada yake, yule aliyemlea Vital mgongoni. Alimpenda sana wakati ule.

"Na mimi," alisema. "Anasema alisikia sauti yangu."

"Yako?"

"Yangu, yaya. Kabla uingie, nilikuwa nimekwisha kumuita."

Kavugho alishusha pumzi ndefu. Kisha akarudi nyuma hatua moja, na nyingine, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.

Wanaishi bado katika nyumba ile. Kavugho hamwiti tena kwa jina. Akimhitaji, anapiga makofi mara mbili, na Jemima anakuja.