Alama Mkononi mwa Meneja

Saa iliibwa mchana kweupe nyumbani kwa Evodius, meneja wa duka la ushirika la Susuni. Jioni ile ile mtuhumiwa alikuwa mahabusu Tarime. Kazi rahisi namna hiyo Inspekta Ambokile hakuipenda hata kidogo.

Mtuhumiwa mwenyewe ni Waitara, mlinzi wa duka. Alikamatwa na saa ya duara, kioo kimekwaruzika.

"Niliuza ng'ombe nikainunua," alisema. "Afande, wallahi nafungwa bure."

Asubuhi inspekta aliipeleka ile saa Susuni.

"Ndiyo yenyewe," alisema Evodius, bila hata kuitazama vizuri. "Saa ya kawaida tu."

"Ulikuwa unaivaa kila siku?"

"Kila siku."

"Hebu ivae."

Meneja alinyoosha mkono. Lo! Ngozi ya kifundo ilikuwa imepauka kwa alama ndefu ya pembe nne, kutoka ukingo mmoja wa mkono hadi wa pili. Saa ya duara ilikaa katikati, weupe ukabaki pande zote.

"Saa yako ilikuwa ndefu, imepinda kuufuata mkono," alisema Ambokile. "Hizo ni saa za matajiri. Uliipata wapi?"

Evodius aliivua ile saa ya duara, akaiweka mezani.

"Mlinzi wako anafungwa kwa saa yake mwenyewe, bwana. Uliipata wapi?"

"Sirari, mpakani. Nilimpa mfanyabiashara sukari ya duka. Ningeieleza ilivyo, ningefungwa mimi."

"Nani aliichukua?"

Mkewe, Kokushubira, alitoka jikoni na debe la unga. Alizamisha mkono akatoa saa ya dhahabu, iliyopinda kama kigae. Ilikuwa ya betri, bado inatembea.

"Ni mimi, afande. Wahujumu uchumi wanapekuliwa nyumba kwa nyumba, nikaogopa. Nilitaka ipotee saa, si mtu. Jana nilimwomba mume wangu amwachie Waitara. Akasema mlinzi hana cha kupoteza. Tangu hapo chakula hakinipiti."

Evodius aliinamisha kichwa. Hakukana.

Alasiri Waitara alitolewa mahabusu, meneja akaingia. Waitara alirudishiwa saa yake. Ilikuwa imesimama, maana hakuna aliyeitia ufunguo.

Ambokile alitupia jicho saa ya dhahabu mezani, sasa kielelezo cha kesi.

"Saa kumi kasorobo. Irekebishe."

Waitara alikitazama kielelezo kile, akatikisa kichwa.

"Hapana, afande. Kwa saa hiyo, sitaki kurekebisha yangu. Nitaangalia jua."