Wa Nyuma ya Rogathe

Wewe unayebenua mdomo hapo, benua tu. Ila usiku ukikosa usingizi, usije kunigongea.

Jua lilikuwa linazama mjini Same, Eliakunda alipomwingiza binti yake Rogathe kwa mzee Iddi, mpiga picha. Walikuwa wameteremka kwa miguu kutoka kijijini Chome, milimani. Mume wa Eliakunda, askari wa Mwingereza huko vitani Burma, hakuwahi kumwona mtoto. Aliomba kwa barua angalau picha ya sura yake.

Iddi akawasha karabai, akamketisha mtoto, akajifunika kitambaa cheusi nyuma ya kamera. Akatania kwamba kwenye kioo chake watu huonekana kichwa chini, wananing'inia kama popo.

Kisha akasogeza uso karibu na kioo.

"Mama Rogathe," akanong'ona, "wa mbele akiwa wazi, wa nyuma anakuwa ukungu. Nimchague yupi?"

"Wa nyuma nani?"

Nyuma ya kiti palikuwa na ukuta mtupu.

Iddi akazungusha lenzi. Krr... krr... Harufu ya mafuta ya taa ikapotea, ikaja ya jiwe lililoloa na majani yaliyooza.

Eliakunda aliijua. Ni ya mwamba wa msituni kwao, walikoachwa watoto wa mkosi. Rogathe alizaliwa pacha, na mapacha kwao walikuwa mkosi. Mama mkwe alimbeba mmoja usiku uleule, akarudi mikono mitupu.

"Sasa wa nyuma yuko wazi," Iddi akasema. "Uso ni uleule..."

"Mama, baridi."

Rogathe alikuwa anafifia. Mbao za kiti zilionekana kupitia kifua chake.

"Mrudishe wa mbele," Eliakunda akasema.

Iddi akasema iko njia nyingine: alibane tundu la lenzi, liwe kama la sindano, wote wawili watoke wazi. Ila itabidi watulie muda mrefu, na picha ikiisha, yeye haahidi ni yupi atakayeinuka kitini.

Ukutani, sauti ndogo ikaita.

"Mama... na mimi?"

Maziwa, yaliyokauka zamani, yakamlowesha Eliakunda kifuani.

Akafumba macho.

"Wa mbele."

Krr.

Kiti kikalia kwa uzito wa mtoto. Eliakunda akamnyakua Rogathe. Picha ilikuwa bado haijapigwa, na hakuitaka tena.

"Usiniache naye," Iddi akasihi. Kitambaa cheusi kilikuwa kinavutwa kutoka chini, polepole, na kitu kifupi kisichomfika kiunoni.

Eliakunda hakugeuka. Alitoka, akaufunga mlango.