Mkanda wa Kiti Kitupu

Raili Hyvärinen, jirani yangu hapa mjini Kuhmo, aliuza gari la kazi la marehemu mumewe Jumamosi ya pili ya Januari, saa tano asubuhi. Nilikuwepo kwa sababu hakutaka kubaki peke yake na mnunuzi.

Gari lilikuwa safi. Mumewe huyo, Taisto, fundi bomba, alilibadilishia oili kabla ya wakati na kulipaka dawa ya kutu kila mwaka kabla ya theluji. Mkewe hakutunzwa hivyo. "Wewe na hili gari," Taisto alizoea kumwambia Raili, "hamtoki uani bila mimi." Alifia kwenye usukani mwezi Novemba, hapo hapo uani.

Mnunuzi, Jouni Karppinen, alivua glavu akagusa boneti. Ilikuwa baridi ya kupasua midomo.

"Mama, unanichezea? Boneti ina moto. Umelipasha ili nisijue linavyogoma asubuhi."

"Sijaligusa tangu mazishi."

"Basi limejipasha lenyewe!"

Nilimwonyesha waya wa umeme wa kupashia injini wakati wa baridi. Ulikuwa umeviringishwa kwenye nguzo ya umeme, umefunikwa na theluji. Akatema mate chini.

"Matapeli wawili nyie. Shusha bei."

"Taja yako," Raili akasema. "Liondoke tu."

Akataja bei ya dharau. Raili akampa funguo zote mbili, naye akaondoka nalo.

Tukaingia ndani; hata kahawa yetu haijapoa, simu ya Raili ikaita. Akaiweka mezani na kufungua spika.

"Gari gani hili umeniuzia? Kengele ya mkanda wa abiria haikomi, na sijabeba mtu."

Raili alinong'ona, "Shuka."

"Nishuke porini na baridi hii? Ngoja niufunge."

Mlio ukakoma. Tulimsikia akihema.

"Umekaza," akasema polepole. "Mama, mkanda wa kiti kitupu umekaza."

Simu ikakatika.

Jouni alipatikana jioni ile akitembea kando ya barabara ya Sotkamo, funguo zote mbili mfukoni. Polisi walikwenda alikosema ameliacha gari. Hawakulikuta.

Asubuhi Raili alinigongea mlango. Gari lilikuwa uani kwake. Theluji ya usiku ilitanda kutoka barabarani hadi kwenye magurudumu. Hakuna alama ya tairi. Kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa. Jouni ni mfupi. Taisto hakuwa mfupi.

Niligusa boneti. Ilikuwa na moto.

"Nipeleke kwa dada yangu," Raili alinong'ona. "Sasa hivi."

Hakurudi ndani kuchukua chochote. Alikataa kukaa mbele. Aliingia kiti cha nyuma katika gari langu, akajifunga mkanda. Nami nikajifunga wangu. Nikawasha.

Tulipotoka uani, kengele ya mkanda ilianza kulia.

Taa iliyowaka kwenye dashibodi ilikuwa ya kiti cha mbele, kando yangu.