Taa ya Miche ya Intore

Mimi naitwa Sylviane. Hapa Kalobeyei, makazi ya wakimbizi kule Turkana, wananiita Mama Clotilde. Nina mdomo, nakubali, na hasira zangu ziko karibu. Lakini leo sitaki kugombana na mtu. Leo nataka kushukuru.

Siku yetu huanza kwa maji. Asubuhi na mapema naenda bombani na mitungi. Mume wangu Didace ni fundi mwashi, anaenda kujenga. Mama yangu, bibi Mélanie, anabaki nyumbani kuchambua maharage. Ikifika saa nne jua linachoma, upepo unaleta vumbi, na kila mtu anatafuta kivuli.

Mama alitoka Burundi na mbegu za intore zimefungwa kwenye kitambaa. Intore ni nyanya chungu za kwetu, ndogo kama yai la kuku. Tunazipika na maharage. Sokoni Kakuma nyanya chungu zipo, lakini si hizi. Mama alizipanda kila mahali tulipokaa, na kila mwaka alitoa mbegu mpya.

Mwaka huu mambo yaliharibika. Mbegu zilibaki kijiko kimoja tu. Tulipanda kidogo nje, jua likaunguza. Tukapanda tena, mbuzi wakala.

"Zikiisha hizi, zimeisha," Mama alisema. "Mimi siwezi kurudi kule kuchukua nyingine."

Didace akapata wazo. "Tuoteshe ndani," alisema. "Ndani hakuna mbuzi."

Alitengeneza kihema cha fito na turubai kwenye kona ya chumba. Urefu mita moja na robo, upana nusu mita.

"Ndani ni giza, Baba Clotilde," nilimwambia. "Mche utaishi kwenye giza?"

"Umeme wa sola wa kijiji upo. Nitaleta taa."

Alipokwenda kazi Lodwar, alirudi na boksi kubwa. Juu yake waliandika wati 1000. "Mwenye duka amesema hii ndiyo taa ya mimea," alisema. "Ni ghali, lakini ndiyo yenyewe." Akawasha. Lo! Chumba chote kikawa zambarau.

Hapo ndipo tulipokosea. Kwetu taa haifichwi. Mwenye taa anaita majirani. Kwa hiyo Didace hakuifunga ndani ya kihema. Aliitundika juu kabisa, kwenye boriti ya paa, akakunja turubai la juu. Alitaka miche ipate mwanga na watu nao wapate. Jioni majirani walijaa. Wanawake walisukana nywele, watoto walisoma vitabu, na nyuso zote zilikuwa za zambarau! Tulicheka mpaka machozi yakatoka. Na mimi nilijisifu, jamani, nilijisifu sana.

Mbegu ziliota. Miche ikarefuka haraka.

"Ona inavyokua!" niliwaambia majirani.

Mama aliinama kuyatazama mashina. Mashina yalikuwa membamba kama uzi. Asubuhi moja nilikuta miche yote imelala chini. Nilipiga kelele, nikaitukana ile taa kama mtu. Mama alikaa kitandani akalia. Sijawahi kumwona Mama akilia kwa sababu ya mmea. Nilifungua kile kitambaa na kuhesabu. Zilibaki mbegu thelathini.

Basi nikaenda kumtafuta Nakeno. Nakeno ni Mturkana, anafanya kazi kwenye kitalu cha miche Lodwar. Kila Jumatano anakuja Kalobeyei kufundisha kikundi chetu cha wanawake.

"Ejok, Mama Clotilde?" alinisalimia kwa Kiturkana, yaani salama?

"Ejok, dada, lakini moyoni si ejok. Twende nyumbani ukaone."

Alikuja. Akatazama kihema, akatazama juu kwenye paa, akacheka. "Hii taa ni ya miche au ya harusi?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Namshukuru Mungu nilinyamaza.

"Mwanga ni chakula cha mche," Nakeno alisema. "Taa ikiwa mbali, mwanga unafika kidogo. Mche una njaa. Unajinyoosha kuutafuta, unakuwa mwembamba, halafu unaanguka. Kule kurefuka ulikokufurahia kulikuwa ni njaa, dada yangu."

Nilisikia aibu. Nilikuwa nimewaita majirani waje kuona njaa!

"Lakini hii ni wati elfu moja," Didace alisema.

Nakeno akageuza boksi, akasoma maandishi madogo ya nyuma. "Hiyo namba kubwa ni ya kuuzia. Tafuta namba ya umeme ambao taa inakula kweli. Soma hapa."

Didace akasoma. "Wati ishirini." Akakuna kichwa. "Nimepigwa!"

"Na hii rangi?" niliuliza. "Si ndiyo ya mimea?"

"Zambarau inaotesha, lakini si lazima. Taa ya LED nyeupe, nyeupe kama mchana, inatosha. Ni ya bei nafuu na inapatikana kila duka. Tena chini ya taa nyeupe unaona kama jani ni zima au linaumwa. Chini ya hii unaona nini?"

"Naona harusi," nilisema. Hata Mama alicheka kidogo. Kisha akauliza, "Na majirani, mwanangu? Tuwafungie mlango?"

"Hapana, Mama. Watu wawekeeni balbu yao ndogo. Taa moja isilishe miche na watu pamoja."

Kesho yake nilienda Kakuma kwenye duka la Aisho. Aisho ni Msomali, anauza vitu vya umeme. Nilimwonyesha taa moja kubwa ukutani.

"Kihema chako kina ukubwa gani, walaal, dada yangu?" aliuliza. Nikamwambia. "Basi acha hiyo. Walahi, itakula umeme wako bure. Chukua hizi taa ndefu mbili za LED, wati kumi na nane kila moja."

Angeweza kuniuzia ile kubwa. Alikataa. Alichomeka zile mbili mbele yangu nione zinawaka, akaniandikia risiti. "Ikizima kabla ya mwaka kuisha, irudishe na hii karatasi." Zote mbili hazikufika nusu ya bei ya ile ya zambarau.

Didace alizifunga ndani ya kihema kwa kamba, ili tuweze kuzishusha na kuzipandisha. Waya alizipitisha juu, mbali na maji. Ndani ya turubai tulishona magunia meupe, kwa sababu cheupe kinarudisha mwanga kwa miche. Tuliacha matundu chini na juu, maana joto la hapa mnalijua. Kisha tukapanda zile mbegu thelathini. Mama alizipanda mwenyewe, moja moja.

Zilipoota, tulishusha taa mpaka shubiri moja juu ya miche. Miche ikikua, tunapandisha. "Wekeni mkono pale majani yalipo," Nakeno alitufundisha. "Mkono ukisikia moto, taa iko karibu mno." Tuliwasha saa kumi na moja alfajiri na kuzima saa moja jioni. Miche nayo inahitaji kulala. Na jioni majirani walikaa nje chini ya balbu yao, wakisema wamechoka kuwa zambarau.

Ishirini na sita ziliota. Miche ilikuwa mifupi, minene, ya kijani kibichi. Kila asubuhi niliigusa kidogo kwa kidole, na haikuanguka. Baada ya wiki sita tulianza kuitoa nje, kivulini, kwa muda wa saa moja siku ya kwanza, wa saa mbili siku ya pili, mpaka ikazoea upepo. Ndipo tukaihamishia bustanini, na Didace akazungushia miiba kwa ajili ya mbuzi.

Katika mwezi wa tatu wa kukaa bustanini, intore zilizaa. Mama alikataza tusile za kwanza. Ziliachwa mpaka zikawa nyekundu, tukatoa mbegu, tukazikausha. Zilijaa kikombe. Zilizofuata nilizipika na maharage, nikamwita Nakeno aje kula.

Alionja. Uso wake ukakunjamana. "Huu uchungu ndio mlikuwa mnaulilia?"

Tulicheka wote. Lakini Mama aliinuka polepole, akaleta kikombe. Akamimina nusu ya mbegu kwenye karatasi, akaikunja, akaiweka mkononi mwa Nakeno.

"Mama, mimi sijui hata kuzipika," Nakeno alisema.

"Usizipike. Zipande kule Lodwar. Huku zikifa, nitajua ziko kwako."

Nakeno akaifunga ile karatasi kwenye ncha ya shuka lake, mafundo mawili. Mimi mwenye mdomo nilisema asante tu, nikasema tena, kisha nikampakulia maharage mengine, naye akala yote pamoja na uchungu wake.