Abiria wa Kilo Sitini na Mbili

Mizani zilikataa. Fundi akazizima, akaziwasha, akapima mara ya tatu, na jibu likabaki lile lile: ndege imezidi kilo sitini na mbili.

Ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali nje, na milango ya banda ilikuwa imefungwa ili upepo usisukume mabawa. Ndege yenyewe ni ndogo, ya watu wanne. Ilikaa juu ya mizani tatu, kila gurudumu na ya kwake. Fundi alikuwa ametoka kumaliza kazi ya wiki tatu: redio mpya, nyaya mpya, mikanda mipya, na viti viwili vya nyuma vya ngozi. Ukishabadilisha vitu ndani ya ndege lazima uipime upya, maana rubani asiyejua uzito wa ndege yake anaweza kuimaliza njia ya kurukia na magurudumu bado yako chini. Kwa hesabu zake ilipaswa kuwa na kilo mia saba na nne. Mizani zikasema mia saba sitini na sita.

"Labda umesahau boksi la spana ndani," alisema mwenye ndege.

"Shemeji, mimi na wewe nani anayesahau vitu? Wiki iliyopita ulikwenda nyumbani na viatu vyangu."

Mwenye ndege alikuwa daktari wa meno, mtu mpole, mwenye mikono safi kupita kiasi, na alikuwa amemwoa mdogo wake fundi. Fundi mwenyewe walimwita Mama Nati, kwa kuwa hakuna nati aliyoikaza bila kuigusa mara ya pili. Mdomo wake nao haukuwa na breki. Mdogo wake huyo alimlea yeye mwenyewe tangu mtoto ana miaka sita, mama yao alipofariki. Alimsomesha, akamwoza, na mpaka leo akimsikia anakohoa kwenye simu, usiku halali. Na huyo mdogo mtu, ambaye kwa miaka tisa ya ndoa alikataa katakata kupanda ndege ya mumewe, safari hii alikuwa amekubali. Jumamosi. Ndiyo maana ya viti vya ngozi.

Hapo kwenye viti ndipo penye uchafu, na mimi sioni sababu ya kumfunika mtu. Katika kazi ile, kila kifaa kinaingia na karatasi yake: kimetoka wapi, kimetumika wapi, nani alikifungua. Kisicho na karatasi hakiingii. Mama Nati alikuwa amewahi kuwarudisha watu wazima na vifaa vyao wakitokwa machozi. Lakini shemeji yake alikuja na viti viwili alivyovipata kwenye ndege iliyoanguka ikauzwa kama chuma chakavu, ngozi bado inang'aa, akambembeleza: "Shemeji, ni kiti tu. Kiti kinaruka chenyewe?" Akacheka. Naye, kwa mapenzi ya mdogo wake, akafungua daftari la ndege akaandika kwa mkono wake: viti viwili vipya, havijawahi kukaliwa. Akatia saini.

"Ingia ndani uangalie tena," alisema daktari.

Akaingia. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na harufu tu, ya nguo zilizoanikwa ndani ya chumba zikashindwa kukauka. Akashuka, akafunga mlango. Nyuma yake akasikia *tak*, sauti ya mkanda unaofungwa.

"Umesikia?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimesikia."

"Ulifunga wewe?"

"Shemeji, mimi niko huku nje na wewe."

Wakasimama wakikodolea macho mizani, na mbele yao namba za gurudumu la mbele zikaanza kupanda, kilo moja, kilo tatu, kilo saba, huku zile za magurudumu ya nyuma zikishuka polepole, na ngozi ikalia ile sauti ya mtu mzima anayejivuta kutoka kiti cha nyuma kwenda cha mbele bila haraka, akishika hapa, akiegemea pale, mpaka kiti cha rubani kikabonyea kidogo, namba zikatulia, na usukani ukasogea kulia, ukasogea kushoto, kama anayejaribu.

"Mungu wangu," alisema daktari. Akamshika mkono fundi wake, mikono ile safi ikiwa imeloa jasho.

Siku ile ile Mama Nati alifungua bolti nane, akavitoa viti vyote viwili akavitupa nje juani. Wakapima tena. Kilo za viti zilitoka, zile sitini na mbili zikabaki.

Mlinzi wa lango ndiye aliyemleta shangazi yake kesho yake. Alikuwa bibi mfupi mwenye miwani minene, aliyewahi kutoa majini kwenye nyumba na mashine za kusaga, lakini ndege, alisema, hii ni mara yake ya kwanza, na angependa baadaye aonyeshwe inavyowaka. Akavua viatu. Akaizunguka ndege akinusa, kisha akaweka sikio kwenye kioo cha mlango na kukaa hivyo kwa muda mrefu, akiitikia kwa kichwa.

"Nani aliandika kwamba viti vyake havijawahi kukaliwa?" aliuliza.

Mama Nati alilitupia jicho kabati. Daftari lilikuwa humo, chini ya kufuli. "Mimi, bibi."

"Umemfuta. Alikuwa amekaa, ukaandika hayupo. Hawa hawapendi kufutwa."

"Ni mzimu wa aliyekufa kwenye ile ajali?" alinong'ona daktari.

"Mzimu wapi! Ni jini, na kwenye ajali ile hakufa. Alipanda akaishia njiani, sasa anangoja kushushwa. Akichoka kungoja atashuka hapa hapa amfuate mmoja wenu nyumbani. Kwako kuna nani, daktari?"

"Mke wangu."

Mama Nati akasema haraka, "Tumtoeje? Leo hii, bibi."

"Mrusheni. Mpelekeni nyika isiyo na nyumba, mwinamishe ndege upande mmoja kama mnamwaga maji ya beseni. Atashuka. Ila msimshushe juu ya paa. Penye paa atabisha hodi."

Kwenye banda lile kulikuwa na desturi: aliyetia saini ndiye anayepanda safari ya kwanza baada ya matengenezo. Mama Nati hakuwahi kuikwepa, wala siku ile hakusubiri kuambiwa. Walirudisha viti, bibi akaandika maneno yake kwa kidole juu ya mlango, wakaruka saa tisa alasiri, wawili tu, daktari kwenye usukani. Ndege ilijivuta njia nzima, ikanyanyuka mwisho kabisa, nyasi zikigusa magurudumu.

"Usigeuke," alisema daktari ndani ya hedifoni.

"Nigeuke nikafanye nini?"

Nyuma yao mtu alikuwa anapumua. Hedifoni zilikuwa mbili tu, na pumzi ilikuwa inasikika ndani ya hedifoni, ya taratibu, ya mtu anayeangalia dirishani na kufurahia safari. Harufu ya nguo mbichi ikajaa mpaka macho yakawasha. Walifika nyika, ardhi nyeupe isiyo na hata kibanda, na daktari akaiinamisha ndege kulia, hakuna kitu, akaiinamisha kushoto, hakuna kitu, akazunguka mara sita, saba, kumi na mbili, mpaka Mama Nati akatapika kwenye mfuko wake wa vitambaa vya kufutia grisi, na bado ndege ilikuwa nzito, na sindano ya mafuta ikawa inaelekea pabaya.

"Hataki," alisema daktari, karibu analia. "Mafuta yanatosha kurudi tu."

"Basi turudi. Leo sote tutalala kwangu, hakuna kwenda kwako. Na Jumamosi hakuna safari."

"Sawa, shemeji. Chochote."

Wakageuza. Daktari alikuwa amechoka mpaka mdomo umemlegea, na mtu akichoka namna hiyo mikono inafanya ilichozoea. Kwa miaka tisa, kila anaporudi, alipita juu ya mtaa wao akainamisha bawa la kushoto kumsalimu mkewe, naye mkewe akisikia injini alitoka uani akapunga upande wa kanga. Akaupita msikiti, akaipita shule, mkono ukaegemea kushoto, bawa likainama.

Ndege ikaruka juu kama mtu aliyetua gunia. Pumzi ikakatika. Harufu ikatoweka papo hapo, wakasikia injini peke yake, nyepesi, inaimba.

"Ameshuka!" Daktari alipiga usukani kwa furaha. "Shemeji, ameshuka!"

Mama Nati alikuwa anaangalia chini. Aliona bati la bluu, kamba ya nguo, na uani mwanamke amesimama na mkono juu.

"Ameshuka wapi?" aliuliza.

Daktari akaangalia. Akaielekeza ndege uwanjani kwa kasi yote.

Dakika saba mpaka uwanjani, na zote Mama Nati alikuwa anabonyeza simu isiyoshika mtandao. Magurudumu yalipogusa lami ndipo ikaita. Ikaita mara tano. Ikapokewa.

"Dada," alisema mdogo wake, kwa ile sauti ya kunong'ona ya mtu aliye na mgeni chumba cha pili, "mbona hamkuniambia mnaniletea mtu? Amebisha hodi nikafungua. Anasema mmemleta nyinyi."

"Toka nje. Mdogo wangu, nisikilize, toka nje sasa hivi."

"Nitatokaje, dada? Amenipakata."